Buti za Matthew

Jumatatu, 22 Julai 1844
Mvua tena. Hema linavuja. Tangu tajiri wa mgodi atufukuze nyumbani kwa sababu ya mgomo, tunalala shambani kama kuku. Lakini leo nimecheka! Mchimba makaa akikutana na mwanamke njiani alfajiri, anarudi nyumbani. Akijitia ubishi akashuka shimoni, hapandi mzima. Basi shoga yangu Phillis katupanga wanawake barabarani. Wasaliti walioletwa kutoka Wales kuchimba badala ya wagomaji wakatuona, wakaganda. "Rudini mkalale, shemeji zangu! Mmeshatuona!" Wakarudi. Kumbe hata Wales wanaogopa.

Jumatano, 24 Julai
Nimemsikia Matthew. Alfajiri, nje ya hema. Buti zile — kishindo, kisha kuburuta. Mume wangu yuko kaburini tangu shimo liwake moto mwaka juzi, lakini mguu wake mbovu naujua! Mwanangu Cuthbert anasema ni njaa tu, Mama, kunywa uji. Nimekunywa. Bado namsikia.

Alhamisi, 25 Julai
Mjukuu wangu Tamar, mtoto wa Cuthbert, anaungua homa. Mama yake maziwa yamemkauka. Fundi Ambrose, anayewashonea wagomaji viatu bure, kaleta mkate. Mungu ambariki. Mtu wa tajiri naye kapita: atakayeshuka kesho atarudishiwa nyumba. Phillis kamtoa mbio na ufagio. Cuthbert kamsindikiza kwa macho. Nikamkamata shati — niapie hutashuka! Kaapa kwa jina la baba yake. Mbona moyo hautulii?

Ijumaa, 26 Julai


Alfajiri tulisimama tena barabarani, kwenye ukungu. Wasaliti wote wakageuka isipokuwa mmoja, uso kaufunika kwa skafu. Kishindo, kuburuta. Nikasema, Matthew, unataka nini kwetu? Akasogea. Buti za Matthew, soli mpya. Macho ya Cuthbert.

"Nipishe, Mama," kanong'ona. "Tamar hatafia kwenye tope."

"Umeniona, mwanangu. Umeniona! Rudi!"

Kapita. Buti zinampwaya, ndiyo maana anaburuta.

Phillis kauliza yule mpumbavu ni nani. Nikasema simjui. Mtoto niliyemzaa mwenyewe!

Gunia nilimoweka buti ni tupu. Fundi Ambrose kaja kuuliza kama zinamfaa kijana. Eti Cuthbert alimwambia anazitaka kwa maandamano ya mjini Durham. Nikamshukuru.

Tamar kalala. Homa imeshuka kidogo.

Gurudumu la mgodi, linaloshusha na kupandisha watu, limesimama. Zamu haijaisha — mbona limesimama? Moshi unatoka mdomoni mwa shimo. Watu wanatoka mahemani mbio. Wengine wanapiga makofi. Phillis anagonga sufuria, anaimba kwamba msaliti amekwisha, tulimwambia, tulimwambia! Ananiita. Shoga, unafanya nini humo ndani, toka uje ushangilie —