Sakafu ya Upande Wako wa Kitanda

Baba,

Mbao za chumba cha Mama zimefika. Zimelala chini kando ya kitanda chenu, na hakuna aliyezipigilia hata msumari mmoja. Nimewakataza. Ndiyo, ni mimi, Shiru wako, yule uliyesema anabisha hodi kama anayeogopa kuumiza mlango.

Tangu tukuzike, mvua imeisha, nimemaliza kidato cha nne, na Anko Wekesa anafungua karakana yenu ya useremala peke yake. Kikombe chako bado kinaning'inia kwenye msumari wake. Hakuna anayekitumia.

Kuna jambo sijui kama unalijua huko uliko. Zile mbao za mvule ulizokuwa ukiweka juu ya kenchi za paa la karakana, moja moja, kila ulipopata nzuri, ukimwambia Mama, "Ngoja tu, Mama Shiru, hii simiti utaisahau," ndizo Anko Wekesa alizotumia kukutengenezea jeneza. Alimwomba Mama ruhusa, naye akaitikia kwa kichwa tu. Lilikuwa jeneza zuri, Baba. Viungo havikuonekana. Lakini tuliporudi kutoka makaburini nilimkuta Mama amevua viatu, amesimama kwenye simiti, na nikajua sakafu yake imeenda nawe.

Unaijua miguu yake. Anasimama sokoni kutwa nzima na mboga zake, halafu akirudi, baridi ya chumba inammaliza.

Anko Wekesa alisema ahadi yako lazima itimizwe. Shangazi akasema siku hizi watu wanaweka tailizi. Jirani akasema zulia linatosha. Mama akaendelea kuchambua mboga zake. Ndipo Anko Wekesa akanigeukia: "Wewe ndiye ulikuwa unazunguka na yeye kwa mayadi ya mbao. Wewe ndiye utachagua mbao." Nilitamani kuingia chini ya meza.

Tulienda Ngara, kwenye yadi uliyozoea. Muuzaji alitoa mvule kwanza. "Hii ndiyo mzee wako alikuwa anapenda," akasema. Ni kweli, ni ngumu, na mchwa hawaiwezi. Niliigusa nikaiacha. Sikuweza, Baba. Mama hawezi kuamka kila asubuhi akanyage mbao ile ile tuliyokufunika nayo. Mkaratusi nilikumbuka ulivyouita mkaidi, kwamba unakauka huku unajipinda mpaka unang'oa misumari. Paini ilikuwa nyepesi mno, ukucha wangu uliacha alama. Ikabaki mringaringa. Si ngumu kama mvule, lakini uliniambia ukishailaza mahali inatulia hapo hapo.

Nikaigonga kwa kidole, kama ulivyonifunza, nisikilize inavyojibu.

Muuzaji akacheka. "Cheki huyu, anapigia mbao hodi! Kuna mtu ndani, madam?" Vijana wa kupakia mizigo wote wakacheka. Uso uliniwaka. Zamani ningetoka nje nikusubiri barabarani.

Lakini nilikumbuka ile nyumba ya Kileleshwa, likizo ile uliyonichukua. Mlikuwa mmemaliza kuweka sakafu ya mbao sebuleni, wenyewe hawajaja kuchukua funguo, ukaniambia nivue viatu. "Kanyaga, uniambie miguu inasema nini. Usiniulize mbao gani ni nzuri. Niulize nani atatembea hapa." Nilitembea nikiogopa kuichafua. Karibu na dirisha nikasimama, maana mbao moja ililia chini yangu. Hukukasirika. Ulipiga magoti ukaing'oa ukaanza upya, na tulipofika nyumbani Kangemi ukawa unamwambia kila tuliyekutana naye, "Huyu ndiye inspekta wangu."

Basi pale yadini nilivua viatu, Baba. Mbele ya wanaume wote wale. Niliomba wazilaze mbao chini, nikapanda juu yake moja baada ya nyingine, nimefumba macho, nikijaribu kufikiria miguu ya Mama na si yangu. Kicheko kiliisha. Nilimsikia Anko Wekesa akisema polepole, "Waa. Ni babake kabisa." Halafu akaenda kukagua kamba za kufungia mzigo, akakaa huko muda mrefu sana kwa kamba mbili tu.

Mringaringa haikuwa na baridi. Nikasema, "Hii."

Nyumbani, Anko alikuwa tayari ameshika nyundo, anataka kazi iishe siku hiyo hiyo. Nikamwambia hapana, lazima zilale kwanza. Wewe ulisema mbao ni mgeni, inafaa izoee hewa ya nyumba, la sivyo itasinyaa baadaye na nyufa zifunguke. Akaniangalia. "We Shiru, hiyo sauti umetoa wapi?" Sijui niliitoa wapi. Labda unajua wewe.

Mama amekuwa akizizunguka kama anayepita karibu na mtu aliyelala. Hakuzikanyaga. Nilianza kuogopa kwamba nimekosea. Halafu leo asubuhi nilimpelekea maji ya moto ya miguu, nikamkuta amesimama juu yake peku, upande wako wa kitanda, upande ambao hajaugusa tangu uondoke. Hakuniona. Alikuwa akisema, "Haina baridi. Haki, haina baridi." Sikujua kama anajiambia mwenyewe au anakuambia wewe. Nikarudi jikoni na maji yangu, nikakaa nayo mpaka yakapoa.

Sasa lala, Baba. Zikishazoea chumba tutazipigilia, na nitaanzia upande wako. Kando ya ukuta nitaacha nafasi ya upana wa penseli yako, ile uliyokuwa ukiitafuna, ili mbao zipate pa kutanukia. Na kabla Mama hajaingia, nitavua viatu nitembee chumba kizima. Nikisikia hata moja inalia, nitapiga magoti niing'oe, nianze upya.

Ni mimi,
Inspekta wako