Klachi Moja: Harusi Jumamosi, Mbio Jumapili

Kwako Shangazi Rosa,

Shikamoo, na pole na kazi ya kusoma matatizo ya watu. Najua ukurasa wako ni wa mambo ya ndoa na mawifi, na langu ni la klachi ya gari, lakini naomba unisaidie kwa sababu hiyo klachi imeshaingia kwenye ndoa ya watu, na mimi nimechanganyikiwa kiasi kwamba juzi nilitia chumvi kwenye chai nikainywa mpaka ikaisha.

Mimi nina duka la vitambaa hapa Kasulu, na nina gari dogo la turbo ambalo nimeliongezea nguvu mpaka aliyelipima akasema sasa ni farasi mia tatu na kitu, na gari hilohilo wiki nzima linanipeleka dukani na kumpeleka mama hospitali Kabanga, kiangazi nalikimbiza na wenzangu kwenye uwanja wa changarawe tuliouchonga nje ya Kibondo, na kwa kuwa ni jeupe na linang'aa watu wananiomba niwabebee maharusi, nami sikatai, maana hapa mtu akikuomba gari la kumbebea bintiye ukamnyima, siku yako wewe utazikwa na nani.

Sasa klachi zinaniungulia. Ya kwanza ilikufa mwezi wa sita uwanjani, wiki moja baada ya kumbeba bibi harusi mmoja wa Kabanga, nakanyaga mafuta injini inalia lakini gari haliendi. Ya pili ilikufa mwezi wa nane kwenye kilima cha kuingilia Kibondo, mbele yangu matarumbeta wanapiga na watu wanacheza, nami nyuma yao natambaa kwa nusu klachi karibu saa nzima, moshi ukaanza kutoka chini, na bibi harusi akashuka akapanda kilima kwa miguu, shela mkononi. Mpaka leo nikipita mtaa ule watu wananiuliza kama nimekuja na gari au na jiko.

Nikatafuta ushauri, na ushauri ndio ulioniua. Mudathiri, muuza vipuri wa hapa mjini mwenye ndugu zake Tanga, ananiambia, "Kaka, chukua klachi ya mashindano, ile yenye vipande vya shaba, hiyo haitelezi hata ukifunga injini ya treni." Kipriani, fundi wangu wa Kibondo, yeye anasema, "Sha Lukmani, rudisha klachi iliyotoka na gari, punguza nguvu, uzee unakuja." Nikaenda kwa Eugène, fundi Mkongo wa Nyarugusu, akalisikiliza gari macho ameyafumba, akasema (klachi yeye huiita ambreyaje), "Grand, ile ambreyaje ya shaba haiko ya kuendea ku soko, itakurusharusha tu. Weka presha pleti ya nguvu, ile yenye kubana disiki, lakini disiki ibakie ya kawaida, ile ya rainingi, haina shaba." Wote watatu waliniuliza gari lina nguvu kiasi gani, wote wana mikono ya mafuta, na kila mmoja aliapa. Habari za harusi sikuwaambia, kwani kutembea polepole kunaumiza nini gari?

Shangazi, sasa ndiyo naingia kwenye lenyewe. Baada ya wiki mbili mdogo wangu Firdausi anaolewa. Baba yetu ni marehemu, mimi ndiye walii, na mimi ndiye nitakayemwendesha kutoka hapa Kasulu mpaka kwa mumewe Kibondo siku ya Jumamosi. Jumapili yake, hukohuko Kibondo, ni mbio kubwa ya kufunga kiangazi. Wazee walitaka harusi iwe wiki moja baadaye. Mimi ndiye niliyewashawishi mpaka wakairudisha nyuma, nikasingizia mvua, kumbe nilikuwa napiga hesabu kwamba kwa safari hiyohiyo ya harusi gari litakuwa limeshafika Kibondo, tayari kwa mbio. Hakuna anayejua. Na juzi Firdausi, hata sijui alikuwa na maana gani, aliniuliza, "Kaka, siku hiyo utakuwa na mimi au utakuwa unasikiliza gari?" Nikacheka. Tangu hapo chakula hakishuki vizuri.

Ninunue klachi ipi?

Lukmani, Kasulu

*

Lukmani mwanangu,

Marahaba. Nianze na klachi, kwa sababu nisipoanza nayo hutasoma mengine.

Mume wangu, marehemu Ntirampeba, aliendesha lori la mahindi Kibondo na Kasulu miaka kumi na tisa, na mimi nilikaa pembeni yake safari nyingi kuliko nilizoziomba. Kwa hiyo usidhani umemwandikia mama asiyejua kanyagio la kushoto ni la nini.

Klachi zako zinaungua harusini. Kusoma mbio sijui, lakini barua nimeisoma. Ya pili ilikufa nyuma ya matarumbeta, wewe mwenyewe umeandika. Ya kwanza uliipika kwa bibi harusi wa Kabanga, ukaenda uwanjani kuimalizia. Nusu klachi saa nzima kilimani ni kusugua disiki mpaka iwe majivu, hata gari liwe na farasi mmoja na yeye ni mgonjwa. Umewaficha mafundi watatu jambo moja walilohitaji kulijua, halafu unashangaa hawakubaliani. Ungemwendea daktari hivyo angekukata mguu mzima.

Basi sikiliza. Ile ya shaba ya Mudathiri iache. Inashika kwa mpigo mmoja, na bibi harusi atafika kwa mumewe shingo imepinda. Klachi ya Kipriani ni ya amani, lakini kwa nguvu uliyoliongezea gari itateleza tu. Mkongo ndiye aliyekuambia la kweli: presha pleti ya nguvu, disiki ya rainingi. Inatambaa vizuri mjini na uwanjani inabeba. Flaiwili, lile gurudumu la injini ambalo disiki hulisugua, isirudishwe vilevile na makovu ya moto, ipelekwe ikasawazishwe kwanza.

Ikishafungwa, izoeze. Klachi mpya huzoea kwa kusimama na kuondoka, siyo kwa kukimbizwa. Wiki hizi mbili sambaza kadi za harusi, peleka shangazi zako sokoni, mpeleke mama yako Kabanga, taratibu. Hata hivyo, kufika Jumapili itakuwa bado changa, na ukiiingiza kwenye mbio utanunua ya nne. Kwa hiyo Jumapili hukimbii. Umesikia vizuri.

Kilimani, matarumbeta wapande pikapu. Wakitaka kutembea, watangulie mpaka juu, gari lisubiri chini, gia huru, mguu nje ya klachi, kisha lipande mara moja kwa gia ya kwanza. Watu wa harusi wanaweza kungoja. Wamengoja wali siku zote.

Sasa hilo lingine. Umehamisha siku ya dada yako ili uwahi mbio, ukaisingizia mvua. Nimekasirika, sikufichi. Baba yake hayupo, aliyesimama mahali pake ni wewe, na wewe ulikuwa unawaza changarawe. Najua humchukii. Una akili ya mtu mwenye kitu kimoja tu kichwani, na Ntirampeba wangu alikuwa hivyohivyo, siku ya posa yangu alikuwa chini ya lori. Nilimsamehe, lakini kwa sababu alitoka chini akaniambia mwenyewe. Kamwambie Firdausi kabla hajaambiwa na mtu. Mwambie lote, na akinuna, mwache anune. Swali lake lilikuwa na maana ileile uliyoisikia, ndiyo maana chakula hakishuki.

Na siku ya Jumamosi huendeshi. Ufunguo mpe Kipriani, anayeutaka uzee, ataendesha taratibu. Wewe kaa kiti cha nyuma pembeni ya dada yako, kutoka Kasulu mpaka mlangoni kwa mumewe. Pale kilimani ukisikia harufu ya klachi, usigeuze kichwa. Muulize Firdausi kama viatu havimbani.

Shangazi Rosa