Ramani Inaonyesha Maji Mlangoni kwa Binti Yangu

Mshauri wangu mpendwa,

Hujambo na shughuli, mimi mwilini sijambo ila moyoni nimekwisha, naomba unisaidie, na unisamehe mwandiko maana shule niliiacha mapema. Mtaani wananiita Redio, na sikatai, mimi jambo likilala tumboni naumwa. Sasa walikuja watu wanaochora ramani ya mafuriko, si ya mto, sisi mto hatuna, ni haya ya mvua tu, maji yanayotoka kwenye mabati na lami yakakosa pa kwenda. Dada mpimaji akauliza nani anajua maji yalifika wapi ile mvua kubwa, wote wakaninyooshea kidole mimi, basi nikamzungusha nyumba kwa nyumba, hapa yalifika magotini, hapa yalibeba sofa, hapa baba mwenye nyumba alipanda juu ya friji na suti yake ya harusi mkononi, tukacheka mpaka yule dada akakaa chini.

Akarudi na kompyuta. Mshauri, mtaa wetu wameunyeshea mvua humo ndani, nimeona kwa macho yangu, maji yanashuka toka sokoni, yanafika kwenye ukuta mpya wa gereji ambapo zamani palikuwa uchochoro, yanakosa njia, yanageuka, yanaingia kwa binti yangu. Rangi ya buluu nzito, mtaa mzima hakuna nzito kama ile. Binti amepanga chumba cha chini, barabara imemwagiwa lami juu ya lami mpaka imekipita kizingiti chake, unashuka kama unaingia kisimani, dirisha lina nondo, na ana mtoto mchanga. Mume wake anaoka mikate, alfajiri akitoka anafunga kufuli kwa nje. Nilipomwambia mpimaji hilo la kufuli uso ukamshuka, akaniuliza, "Mama, ufunguo mwingine anao nani?" Hakuna mwenye nao.

Nikakimbia kwa binti bila hata kubadili kanga. Akanisikiliza amesimama mlangoni, akasema, "Mama, juzi ilikuwa wivu, leo ni mafuriko, kesho utaleta nini?" Maana mimi nilishasema saluni, kwa utani tu jamani, kwamba mkwe wangu kwa wivu anamfungia mke kama kuku, ikafika kwenye bekari, wenzake wakawa wanamlilia kama kuku kila akiingia kazini. "Ukirudi hapa na habari nyingine," akasema, "tunahama, na hutajua tumehamia wapi." Akafunga. Majirani nao wanacheka, eti Redio siku hizi inatangaza hali ya hewa.

Kila wingu likikaa juu ya soko natoka nje kulichungulia. Nikinyamaza, mjukuu wangu yumo humo ndani na kufuli. Nikisema, nampoteza binti na hakuna anayeniamini. Naongea na kila mtu na sina wa kuongea naye. Nifanye nini?

Redio

JIBU:

Redio, nimekusoma mpaka mwisho na sitakucheka. Unajua jambo la kweli na hakuna wa kukusadiki. Ni mateso hayo, na uliyapika mwenyewe.

Acha kumfuata binti yako. Ufunguo hana yeye, anao mkwe. Na mkwe ndiye uliyemvua nguo saluni, kwa hiyo ndiye unayemkwepa, ndiyo maana umeniandikia mimi badala ya kwenda kwake. Umewahi kumuuliza kwa nini anafunga? Labda kitasa cha ndani kimekufa na hataki kumwamsha mwanamke aliyekesha na mtoto. Hujui. Saluni nzima ina jibu, wewe huna.

Nenda kwenye bekari, umsubiri atoke. Usibebe zawadi, usimchukue shoga yako wa kukushika mkono. Mwombe radhi kabla hujataja maji, kisha funga mdomo mpaka aseme yeye, hata kama ni matusi. Halafu mwombe kitu kimoja: kitasa cha kufungia ndani, na lile kufuli litoke mlangoni. Fundi utamtafuta wewe. Usiwaambie wahame, hawana pa kuhamia na wewe huna pa kuwaweka. Mpimaji mwombe awapelekee kompyuta waone wenyewe, wewe ukiwa nyumbani kwako. Wakubaliane na jirani wa juu kwamba mvua ikianza, mama na mtoto wanapanda.

Siahidi kwamba atakusamehe. Ukuta wa gereji hautabomolewa kwa barua yako, na maji yatakuja vile vile. Huenda mkakaa mtaa mmoja na mjukuu asijue sauti yako. Hilo utalibeba, mama, wengine wamelibeba. Lakini mtoto ambaye hujaruhusiwa kumshika bado ni mtoto aliye hai.

Ukimaliza kusoma hapa, vaa viatu.