Mwaka Mzima Tumemuombea Mpishi

Nassor, mdogo wangu,

Mola akupe utulivu huko uliko, maana mimi huku sina. Nna hasira, na nimeona bora nikuandikie wewe kuliko kumtolea maneno mtu ambaye kesho nitatazamana naye. Leo Jumamosi, skuli hakuna, watoto ninaowasindikiza kwenye basi wamepumzika na makelele yangu. Nimekaa mezani hapa nyumbani, mtaa wa Khuwair, na daftari la mwanangu Asila. Mwandiko utanisamehe. Unajua darasa nililoishia.

Wiki iliyopita ilikuja barua kutoka Kanada. Ilipitia kwa Danieli, yule askari mwenzio aliyekuwa akilala ubavuni mwako na darubini, akikupimia masafa na upepo kabla hujapiga. Danieli akaituma kwenye simu yangu, Asila akanisomea kwa Kiswahili. Wakubwa wako wa jeshini wanasema wameamua. Ile nishani ambayo jeshi la nchi rafiki lilitaka kukuvisha mliporudi kutoka Afghanistan, wao wakaizuia miaka yote hii, sasa ruhusa imetoka. Wanataka kumtuma mtu hapa Maskati anikabidhi kwenye ukumbi wa hoteli. Wameomba picha yako unayotabasamu. Wameomba na maneno machache ya familia, yasomwe siku hiyo.

Ruhusa imetoka! Mwaka umetimia uko chini ya udongo, ndiyo ruhusa inatoka. Wallahi nilitamani kuirusha ile simu ukutani, ila nikakumbuka ni Asila aliyeninunulia, na bado ananidai.

Kisha Asila akakatiza kusoma, akanitazama. "Mama, hapa wameandika mjomba alikuwa mdunguaji. Mtu wa kupiga risasi kwa mbali. Wamekosea, eti? Si alikuwa mpishi?"

Nikaenda jikoni nikaepua chungu ambacho hakikuwa kimeiva.

Uongo ule ni wangu, Nassor, acha niukiri kwa kalamu. Siku uliyopiga simu kuniambia umechaguliwa mafunzo ya udunguaji, mama alikuwa kakaa karibu yangu anachambua mchele. Akaniuliza, "Mwanangu anasemaje? Wamempa kazi gani huko jeshini?" Nikamtazama uso. Mama yule yule ambaye akiona Afghanistan kwenye televisheni anawalilia wale watu kama majirani zake wa zamani wa mtaa wa Vuga. Neno likanitoka tu: "Mpishi, mama. Wamemtia jikoni." Akasema alhamdulillahi, akainua viganja na mchele umo ndani. Kabla ya Magharibi ukoo mzima ulishajua kwamba Nassor anawapikia Wazungu. Mama kafa nao uongo ule, na mimi nikauacha ukae, maana ulikuwa unatufaa sote.

Wewe peke yako ndiye ambaye haukukufaa.

Unaikumbuka ile Idi, ya kwanza baada ya vita? Ami Khalfan, ndugu wa baba, mkubwa wetu wa mwisho aliyebaki, akakuita mbele ya watu: "Haya, mpishi wa jeshi! Leo wanawake wakae. Tupikie biriani tuone Wazungu wamekufunza kitu au wamekuharibu!" Watu wakaangua kicheko. Ukanifuata jikoni umepandisha mikono ya kanzu yako ya dishdasha, unaninong'oneza, "Dada, mchele huu unatiwa maji kiasi gani?" Wewe, ambaye hata yai hujui kulikaanga! Nikafunga mlango, nikapika mimi, ukatoka na sinia umeliinua kama bwana harusi. Ami akaonja akasema, "Mkono kama wa dada yake huyu." Nilicheka hadi nikalishika friji. Wewe ukacheka kidogo, kisha ukaniambia chini chini, "Dada, umenipa kazi ngumu kuliko ile."

Na ile yenyewe ukanieleza siku ya pili yake, baada ya Alasiri, tumekaa roshani. Uliegemea ukuta, hukupenda mtu apite nyuma yako. Ulisema mwenye kurusha bomu hamuoni anayempiga, lakini wewe ulikuwa unamuona. Unamuona anakunywa chai, anapuliza kikombe kwanza. Mimi nikakuuliza swali ambalo mpaka leo najuta nilivyoliuliza, kwa ukali, kama kadhi: "Walikuwa Waislamu?" Ukasema, "Mmoja nilimuona anatawadha. Yule sikumpiga. Nikamwambia Danieli upepo mbaya. Alijua upepo si mbaya, lakini akaandika mbaya."

Mimi sikuhukumu, ndugu yangu. Roho ulizozitoa ziko kwa Mwenyewe aliyeziumba, na kila moja ina mama yake, nalijua hilo, na nimelilia hilo pia. Hasira zangu haziko hapo.

Hasira zangu ni kwa wale waliokupeleka. Walikufunza, wakakulaza juu ya mawe siku mbili bila kujigeuza, wakakutumia. Jeshi la wenzao likaja likasema vijana hawa wamewaokoa watu wetu, tuwavishe nishani. Wao wakasema ngojeni. Wakachukua daftari la Danieli, wakakuta siku moja upepo wa kwenye daftari na upepo wa kwenye mitambo yao haupatani. Basi! Miezi unaitwa chumbani na watu wenye kalamu. Kwa nini hukupiga? Mtu yule unamjua? Unaswali msikiti gani? Miezi ile yote aliyokuwa anapiga hawakumuuliza anaswali wapi. Siku moja aliyoacha kupiga ndiyo wakaliona jina lake. Samahani, nasema "yeye" kana kwamba hupo. Nikikasirika nakusahau kuwa nasema na wewe.

Hawakupata kitu. Na hawakusema samahani. Bunduki wakakunyang'anya, wakakutia stoo ugawe mablanketi. Danieli naye hivyo hivyo, kwa kuwa hakukubali kubadilisha alichoandika.

Kisha masikio yakaanza kulia, mgongo ukakataa, usingizi ukakimbia. Ukaenda ofisi ya matibabu ya askari, wakakwambia lete karatasi ya kuonyesha kwamba ulikuwa Afghanistan, kwenye bonde mlilopigania. Karatasi zimefungiwa kabatini na jeshi lile lile, kwa siri, na wewe umekula kiapo usiseme. Sasa ulete nini? Ulete jabali? Ulinipigia siku ile unacheka, kicheko kibaya, ukaniambia, "Dada, huku wanasema sikuwahi kwenda." Na walipokupa daktari mwishowe, kila ukienda unamkuta mwengine, unaanza upya kusimulia. Mara ya nne ukaniambia hurudi tena, umechoka kuwaua wale watu kila mwezi mbele ya mgeni.

Danieli ndiye aliyekukuta. Asubuhi, kwenye kiti, viatu miguuni, unataka kutoka kwenda kazini. Moyo, walisema. Watu wa msikiti wa mji ule, Mola awalipe, walikuosha na kukusalia ingawa hawakukujua. Mimi nilikuzika kwa simu. Danieli aliishika ile simu kutoka mwanzo hadi udongo wa mwisho, kwenye theluji, na picha haikutikisika hata mara moja. Sikujua nimshukuru vipi. Nikamwambia "thank you, thank you," ndicho Kiingereza nilichokuwa nacho.

Sasa nikwambie ya jana.

Jana tulikusomea khitma ya mwaka, nyumbani kwa Ami Khalfan, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos. Wanaume majlisi, ukumbi wa mbele wa wageni, sisi wanawake chumba cha ndani, mlango wazi kidogo tusikie. Juzuu thelathini zikagawiwa, kila mtu na yake. Kabla watu hawajamaliza, Ami akainua mikono aombe, unamjua hana subira: "Ya Rabbi, mja wako Nassor, mikono yake ilikuwa ya kulisha watu..."

Nimeisikia dua hiyo mwaka mzima, Nassor. Kila Ijumaa, kila khitma, mikono ya kulisha watu. Na nilikuwa naitikia amin. Jana simu yenye barua ile ilikuwa mkobani mwangu, na amin ikanikwama. Nikaona nimekufanyia yale yale waliyokufanyia wao. Wao walikufungia kabatini, mimi nikakufungia jikoni.

Nikainuka. Wifi Salma akanishika abaya, "Zuwena, unakwenda wapi, huko wanaume!" Nikaenda mpaka mlango wa majlisi, nikasema, "Ami, hakuwa mpishi."

Mmoja akasema, "Majonzi yamempanda kichwani, mpeni maji." Nikamwambia maji kunywa wewe. Nikasema yote, nimesimama pale pale kama mtoto anayesoma mbele ya darasa. Kazi yako. Afghanistan. Wale uliowaona wakinywa chai. Yule aliyekuwa anatawadha, na upepo. Na mama, na mimi nilivyotunga. Nilipomaliza Ami Khalfan akaifunga juzuu yake, akaitia mfukoni, akanipita bila salamu akatoka nje ya nyumba yake mwenyewe. Khitma ikakatika. Wali ukatiwa kwenye makasha, watu wakaondoka nao kama wameuiba.

Nilirudi nyumbani najua nimekuzika mara ya pili, na mara hii bila dua. Asila akanikalisha, akanivua viatu. Hakunilaumu. Aliuliza kitu kimoja tu: kwa nini hukumwambia hata yeye, maana wewe ndiye uliyemfunza kuendesha gari na mlikuwa na siri nyingi. Nikamwambia mimi ndiye niliyekukataza. Akaenda chumbani kwake akafunga mlango, na ana haki.

Leo asubuhi, saa mbili, simu. Ami Khalfan. Hakutoa salamu.

"Zuwena! Unajua ulilonifanyia?"

Nikasema nisamehe, Ami, sikupaswa kuja majlisi.

"Nani kakuuliza majlisi! Mwaka mzima, wewe mwanamke, mwaka mzima nasimama mbele ya Mola wangu namuombea mpishi! Nasema ya Rabbi msamehe kama alizidisha chumvi! Mtoto wa ndugu yangu kaondoka na mzigo kama ule, na mimi namuombea chumvi!" Akawa analia, Nassor. Mzee yule. Sijawahi kumsikia analia, hata siku tulipomzika baba. Akaniuliza kama ulikuwa unaomba toba. Nikamwambia ndiyo, kila swala, na kwamba uliniomba nikuombee na mimi sikuwa na ujasiri wa kuitaja dhambi yenyewe kwa jina. Akavuta pumzi. "Ile juzuu nimeimaliza. Baada ya Alfajiri nimeianza upya kwa niya nyengine." Kisha akarudi kuwa Ami Khalfan: "Na hiyo nishani yao usije ukaniletea nyumbani kwangu. Sitaki kuiona." Akakata.

Basi nikachukua daftari hili, nikaandika kwanza maneno ya familia waliyoyaomba. Asila katoka chumbani mwake, akayageuza kwa Kiingereza. Alitaka kuyalainisha, nikamkataza. Nimewaandikia hivi: Hotelini siji. Nishani ni ya Nassor, nitaipokea nyumbani kwangu, na aniletee Danieli, si mtu mwengine, kwa kuwa yeye alikuwapo. Na kabla ya safari hiyo mpeni Danieli, aliyeyabeba yale yale, daktari mmoja, asiyebadilishwa, na msimuulize karatasi. Mnazo nyinyi. Picha ya kutabasamu sikupeleka. Nimepeleka ile ya kitambulisho, uliyokunja uso.

Nao wakikataa? Wakatae. Sitanyamaza. Asila ataandika na mimi nitamtajia, barua baada ya barua, mpaka Danieli apate mtu wa kumsikiliza.

Natua kalamu, ndugu yangu, Adhuhuri inaadhiniwa. Nakuaga kwa leo kwa ahadi hii, na Mola ni shahidi wangu. Nikisujudu sasa hivi nitamwambia: ya Rabbi, huyu ni Nassor, mdunguaji, aliua watu akiwaona nyuso, na mmoja alimwacha amalize udhu wake. Mpokee kwa yote hayo. Nitalisema hilo kila swala hadi na mimi niitwe.

Dada yako,
Zuwena