Maji ya Mashuka

Masasi Mjini,
Jumatano.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Chiungutwa, na mgongo umekuachia angalau uiname shambani. Mimi mwili mzima, roho ndiyo haitulii. Tangu juzi nakaa, nasimama, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ningepiga simu, lakini najijua, ningekata kabla ya kusema.

Kazi ya kufua naendelea nayo. Mashine zetu zinafua nguo za nusu ya mji, hasa mashuka ya gesti, na maji yake tunayamwaga mtaroni. Mimi niliyekulia Newala kabla hatujahamia hapo Chiungutwa, nikachapwa kwa kumwaga kata moja ya maji yaliyopandishwa kutoka bondeni, jambo hilo limeniuma tangu siku ya kwanza.

Juzi wanawake wanaolima mchicha chini ya mtaro walikuja na majani mkononi. Bosi akawaambia ni jua. Wakamjibu kwamba jua halikuanza kuwaka leo, na bustani zilizo juu ya mtaro hazina neno. Niliyatazama yale majani: yameungua kingoni, vilevile kama miche yetu ya korosho inayokauka huko nyumbani.

Mama, yale madumu niliyompa Tahiri wa bodaboda akuletee kila Jumamosi, nikakuambia ni maji ya bomba, si ya bomba. Ni maji ya mashuka ya gesti, yenye sabuni na dawa ya madoa, niliyoyaacha yatuame mpaka yakaonekana safi. Ungejua yalikotoka usingeyagusa, nami nilitaka miche ivuke kiangazi nionekane binti wa maana. Nilihisi tangu mche wa kwanza ulipokauka, nikanyamaza.

Kwa hiyo aliyeiua miche si jirani yetu Mama Faidha. Mnasema aliitia kijicho kwa kuisifu bila kusema mashallah, na kwamba ile kumi uliyompa imestawi kwa kuvuta baraka ya kwetu. Imestawi kwa sababu yeye hana binti wa kumletea maji kutoka mjini. Aliinywesha ya kisimani, ndoo kichwani. Mmemnyima salamu miezi miwili kwa kosa langu.

Barua hii nampa Tahiri ailete leo hii, ili Kaka Husseni asiende kwa mwenyekiti wa kijiji Ijumaa kumshtaki. Madumu yaliyobaki yasiguswe, wala yasimwagwe karibu na kisima. Jumamosi nakuja mwenyewe.

Nisalimie wote nyumbani, ila uanze na Mama Faidha. Usimtume mtu. Nenda na barua hii, umsomee yote.

Mwanao,
Rukaiya