Agata Alijua Maana ya Mmomonyoko

Shangazi,

Nimemchapa mtoto. Sijamwambia mtu, hata mama.

Tangu tukuzike, darasa lako la pili ninalo mimi, mimi ambaye hata kanisani siwezi kusoma somo bila kutetemeka. Walimu wawili wameacha kazi, wamewafuata wanunuzi binafsi wa kahawa, na mwalimu mkuu akaniambia, "Wewe si umemaliza kidato cha nne? Kaa nao tu." Kaa nao tu! Kama mbuzi.

Anataka maana za maneno ziandikwe ubaoni, watoto waimbe, mkaguzi akija wamwimbie. Nikamwambia kwamba wewe, Shangazi, ulitupeleka mtoni, tukaingiza miguu, ndipo tukajua "kina" ni nini. Akacheka. "Shangazi yako alikuwa anatembeza watoto, siyo kufundisha." Nikanyamaza. Kunyamaza kule bado kunanichoma.

Basi wakaimba: mmomonyoko ni kitendo cha udongo kuchukuliwa na maji au upepo. Waliimba wote isipokuwa Agata. Nikamuuliza mara tatu. Akawa anatazama vidole vyake, kucha zimejaa udongo, maana kabla ya shule humsaidia mama yake kufukia nyasi za ngolo, yale mashimo ya kutega maji ya mvua, kule mteremkoni. Nikamchapa viganja vyote viwili.

Akasema huku analia, "Mwalimu, si ule udongo unaokimbilia mtoni tusipochimba ngolo?"

Alijua, Shangazi. Alijua kuliko mimi niliyeandika ubaoni.

Na wewe pia nina hasira nawe. Kifua kilikubana miezi mingapi? Ukakataa kwenda hospitali Litembo eti mpaka watoto wamalize mtihani. Mtihani gani huo? Ulinifundisha maneno yote yale, hukunifundisha kumjibu mtu mzima anayekosea.

Kesho nawapeleka shambani kwa mama yake Agata. Ruhusa sina. Nitamwomba Agata radhi mbele ya wenzake, kisha yeye ndiye atakayefundisha, mimi nitashika jembe. Mwalimu mkuu akitaka kunifukuza, anifukuze, ila safari hii nitamjibu kwanza. Hilo nakuahidi.

Lala salama, Shangazi yangu. Ukimkuta bibi huko, mpe habari zote za nyumbani, lakini hili la fimbo usimwambie. Libaki kwako. Yeye hakuwahi kumchapa mtoto, hata mimi.