Mukate Ambao Sikuuonja

Alhamisi, jioni

Mama Neema bado anasema tumbo langu ni maringo.

Volkano ilituachia vyumba viwili, kisha vita ya Rutshuru ikatuletea yeye, dada ya bwana yangu. Kulala simukatazi. Lakini kila mukate ninaonunua anaumaliza, tena akinicheka: "Hiyo ni ugonjwa ya wazungu!" Dokta alinipima: ule ugonjwa mukubwa wa ngano, wanaouita seliaki, sina. Ila nikikula ngano navimba kama ngoma.

Leo asubuhi nilimuwekea mukate na chai. Hapa Goma mwenye nyumba anaonja kwanza, mugeni aone hakuna sumu. Akaningojea. Mimi nikakunja mikono, nikatabasamu tu.

Akasukuma sahani polepole. Watoto wakamaliza mukate wote, na mimi nikaenda kuchekea jikoni.

Ila macho yake yaliniogopesha kidogo. Sumu si jambo la kuchezea hapa. Akimuambia bwana yangu...

Saa kumi akakaanga mandazi ya ngano. Akauma moja mbele ya watoto, akaninyooshea lingine. "Mimi nimeonja. Ao unaniogopa?"

Kukataa ingekuwa kumuita mulozi, mutu wa kutia sumu. Nikala.

Baada ya saa moja kitenge kilikuwa kinanibana mpaka pumzi. Akaniangalia. "Umevimba?"

"Hata kidogo," nikajibu, kwa kiburi tu.

"Unaona? Haukuwa mugonjwa," akasema, na akaniongezea mawili.